Marehemu wa Dirisha Namba Tatu

Sehemu ya Saba

Tulipoachana wiki iliyopita kulikuwa na mwanamke amesimama benki, dirisha namba tatu, kitambulisho mkononi, ameambiwa kwa upole kwamba yeye ni marehemu. Turudi upesi, maana nyuma yake kuna watu kumi na tisa na wote wana haraka.

Mama Tanuri hakuzimia. Alichofanya ni kuuliza alikufa lini.

Karani, binti mpole mwenye kucha safi, akasogeza uso kwenye kompyuta na kumsomea tarehe. Ilikuwa wiki mbili baada ya mazishi ya mumewe. Mama Tanuri aliikumbuka vizuri siku hiyo, kwa sababu ndiyo siku aliyoliwasha tena tanuri kwa mara ya kwanza akiwa peke yake, na mikate yote ikaungua.

"Mwanangu, aliyekufa ni mume wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyebaki."

"Naelewa, mama. Lakini mfumo unaonyesha kinyume."

Kinyume. Yaani mume aliyezikwa miezi saba iliyopita yu hai, hana neno, na akaunti ni yake. Mke aliyesimama hapa, unga umemganda kwenye nyusi, ndiye aliyetutoka. Na usidhani benki ilikuwa imemsahau marehemu wake. Kila mwisho wa mwezi ilichukua makato yake ya huduma bila kukosa, na mwezi wa tano ilimtumia ujumbe wa kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa.

Kwa aliyelikosa gazeti, jambo lenyewe ni hili. Mama Tanuri amechoma mikate kwa miaka kumi na tisa kwenye jengo dogo la kupanga, chumba kimoja na ua. Ndani ya chumba hicho kuna tanuri la matofali ambalo mumewe alilijenga kwa mikono yake, na tanuri la matofali halibebeki kichwani. Sasa mwenye jengo anauza. Amepata mnunuzi anayetaka kubomoa aweke maegesho ya magari, lakini kwa kuheshimu ile miaka kumi na tisa amempa Mama Tanuri nafasi ya kwanza: alete pesa kamili kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa.

Pesa zipo. Walizidunduliza wawili, yeye na mumewe, kwenye akaunti moja yenye majina mawili. Ziko palepale, nyuma ya kioo, na hawezi kuzigusa kwa sababu amekufa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano.

Kwenye mkoba alikuwa na cheti cha kifo cha mumewe, amekifunga kwenye mfuko wa nailoni kisiloe. Akakipenyeza chini ya kioo akiwa na uhakika kwamba maneno yamekwisha. Karani alikisoma, akakigeuza, akakisoma tena, halafu akakirudisha kwa vidole viwili.

"Mama, nakushauri usinipe hiki. Nikikiingiza, mtakuwa mmekufa wote wawili. Akaunti itafungwa kabisa mpaka warithi waende mahakamani."

Mama Tanuri alikichukua cheti chake haraka, kama mtu aliyenusurika.

Aliomba kumwona meneja. Meneja alikuwa kikaoni. Aliomba kusubiri, akaambiwa kikao ni cha siku mbili. Akapewa kikaratasi chenye namba ya huduma kwa wateja, akaenda kukaa kwenye ngazi za nje, akapiga. Kwanza muziki. Kisha sauti ikamwambia kwa salio abonyeze moja, kwa mikopo abonyeze mbili, kwa kadi iliyopotea abonyeze tatu. Kwa marehemu hakukuwa na namba ya kubonyeza. Muziki ukarudi, ukapiga mpaka salio la simu likaisha.

Yule karani alimwonea huruma. Wakati wa mapumziko alitoka nje na nakala ya ile fomu iliyomuua, akamwekea mapajani, akaondoka. Hilo halikuwa kazi yake, na tulitaje, kwa sababu ndilo jema pekee lililotoka kwenye jengo lile wiki nzima.

Mama Tanuri aliitazama fomu. Kisanduku cha juu, cha jina la marehemu, kilikuwa kitupu. Kisanduku cha chini, cha mwenye akaunti, kilikuwa na jina lake, herufi ndogo zilizosimama wima, safi, kila moja mahali pake.

Mwandiko ule aliujua. Ulikuwa wa shemeji yake.

Shemeji ni mdogo wa marehemu, fundi saa, mtu wa kuaminika ambaye mtaa mzima humwachia saa zake bila kudai risiti. Kwenye msiba ndiye aliyeshika kila kitu: jeneza, viti, hata kuzipeleka karatasi na kitambulisho cha marehemu benki, kwa kuwa mjane hakuwa na nguvu ya kutoka. Mama Tanuri alimkuta kwenye kibanda chake, ameinama juu ya saa iliyofunguliwa. Akaiweka fomu mbele yake na kumuuliza alimkosea nini.

Shemeji aliitazama fomu. Alivua miwani. Kisha akasema kwa sauti ambayo Mama Tanuri hakuizoea.

"Shemeji, walinipa kalamu. Wakaniambia niandike jina la kaka hapo juu, penye marehemu. Nilishindwa. Mkono ulikataa. Nikapaacha nikateremka chini, wakataka jina la mwenye akaunti, nikaandika la kwako. Nilijiambia wewe ndiye uliyebaki, akaunti ni yako. Nilidhani wataelewa."

Hawakuelewa. Mtu fulani aliipokea fomu yenye jina moja tu, akaliingiza jina hilo kwenye mfumo, akaenda kula.

Mama Tanuri alikuwa amekuja na maneno makali. Hakuyatumia hata moja. Alilia, na shemeji akalia, na mteja aliyefuata saa yake akageuza njia. Alimpenda zaidi shemeji yake saa ile kuliko siku zote, naye alimsamehe kabisa, palepale. Msomaji, shika hilo.

Wakarudi benki pamoja. Shemeji alieleza kosa lake mwenyewe dirishani, bila kujificha. Karani alisikiliza, akasema marekebisho yapo, ni siku ishirini na moja za kazi, na yanatoka makao makuu. Au, kama wana haraka, kuna njia fupi: aje mwenye akaunti aliye hai, asaini mbele yake, pesa zitatoka siku hiyohiyo.

"Aliye hai ni yupi?" shemeji aliuliza.

"Mume," alisema karani, na yeye mwenyewe aliona aibu.

Alhamisi mchana Mama Tanuri alikwenda alikopaswa kwenda tangu mwanzo. Ushirika wa akiba wa mafundi na wachuuzi hukutana chumba cha nyuma cha duka la madaftari: meza moja, viti vya plastiki, kabati lenye kufuli mbili na daftari kubwa lililoshonwa upya mgongoni. Kwa miaka mingi alikuwa akiweka kidogo kila wiki, zaidi kwa ajili ya kukutana na wenzake kuliko kwa ajili ya pesa. Akiba kubwa ilikwenda benki, kwa kuwa mumewe aliamini jengo la ghorofa haliwezi kukosea.

Katibu wa ushirika ni muuguzi mstaafu, mama mzito wa mwili na mwepesi wa ulimi. Aliposikia kisa chote alimshika Mama Tanuri kifundo cha mkono, akapima mapigo ya moyo, akawatangazia wanachama kwamba mwombaji yu hai na presha yake iko juu kidogo. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mama Tanuri naye alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Hawakumpa kwa kumwonea huruma. Walimhoji. Unga ukipanda bei, atafanyaje. Mikate mingapi kwa siku, mingapi inarudi, nani anamkopa. Fundi cherehani mmoja alimbana mpaka jasho likamtoka. Lakini kila swali lilimhusu yeye, mikate yake na tanuri lake, na kila aliyeuliza alimtazama usoni. Mwisho walikubali kumkopesha bei nzima ya jengo, kwa sharti la kawaida la wadhamini wawili. Katibu aliisoma kanuni kwa sauti, kama ilivyo desturi yao: mdhamini awe hana doa, na akipata kesi ya pesa, mkopo unasimama saa hiyohiyo.

Fundi cherehani aliyembana alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wa pili alikuwa shemeji, naye mwanachama wa siku nyingi.

"Nikishapata changu kule," Mama Tanuri aliwaambia, "nakihamishia hapa chote. Benki hawanijui, hata nikisimama mbele yao. Hapa mkinikosea, mtakuwa mmemkosea mtu mnayemjua."

Katibu msaidizi alikuwa ameshaandika hundi. Katibu akampigia simu mwenye jengo kumpa habari njema. Mwenye jengo alifurahi kwa adabu, kisha akasema hundi ya ushirika hapokei. Amewahi kuumwa na hundi za vikundi. Yeye anataka hundi iliyotolewa na benki yenyewe, yenye muhuri na saini mbili za wakubwa, na saa kumi ya Ijumaa inabaki palepale.

Katibu alikata simu. Akakohoa. Akasema jambo ambalo kila mwanachama alilijua na hakuna aliyelifikiria.

Fedha za ushirika zinawekwa benki. Benki ileile.

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Tanuri alikaa chini. Alikuwa amekimbia jengo la ghorofa kwa miguu yake yote miwili, kumbe amelizunguka tu akatokea mlango wa pili.

Ijumaa, saa saba mchana, walikuwa kwenye foleni: Katibu na daftari lake, shemeji na mkoba wa vifaa, na Mama Tanuri katikati. Dirisha moja lilikuwa wazi kati ya sita. Saa nane walifika mbele. Ombi la hundi likapokelewa, likagongwa muhuri, likapelekwa kusainiwa. Saini ya kwanza ilipatikana. Mwenye saini ya pili alikuwa ametoka kwenda kula.

Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro kumi. Ofisi ya mwenye jengo ilikuwa ng'ambo ya barabara, mwendo wa dakika tatu, na Mama Tanuri alishauhesabu mwendo huo mara nyingi kichwani mwake. Kila mlango ulipofunguka alisimama nusu, kisha akakaa.

Saa tisa na robo yule karani mpole alikuja kumwita kwa jina. Meneja anataka kumwona. Peke yake.

Shemeji alimwambia aende, yeye na Katibu watamsubiri. Katibu alimwambia huenda wamemfufua. Akaenda akiwa na matumaini, na hilo ndilo linaloniuma ninapolisimulia.

Ofisi ya meneja ilikuwa na ukuta wa kioo. Ndani ungeweza kuona ukumbi wote, foleni, mlinzi mlangoni, na benchi walilokalia wenzake. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimpa kiti, akamwomba radhi kwa usumbufu wa Jumatano, akasema malalamiko yake yamefika makao makuu na yamesomwa.

Kisha akamuuliza swali la ajabu. Ana uhakika mumewe amefariki?

"Nilimwosha mwenyewe, baba," alisema Mama Tanuri.

Mlango ukagongwa, karani akaingia na jalada, akaliweka mezani na kutoka. Lilikuwa limefunguliwa. Mama Tanuri aliona muhuri, aliona jina la mwenye jengo, aliona maneno kwamba fedha zinalipwa kwa niaba yake yeye, Mama Tanuri. Ilikuwa hundi. Saini ya kwanza ipo. Nafasi ya pili, tupu, ilikuwa ya meneja.

Meneja alichukua kalamu lakini hakusaini. Alivuta droo, akatoa karatasi nyingine na kuiweka juu ya ile hundi.

"Jana saa tatu na nusu asubuhi," alisema, "mwenye akaunti alifika dirisha namba tano. Kitambulisho chake halali, saini imelingana. Ametoa pesa zote na kuifunga akaunti. Hii ni picha ya kamera."

Mama Tanuri aliitazama picha.

Kaka na mdogo wake walifanana tangu utotoni. Upara uleule, mabega yaleyale, hata namna ya kuinamisha shingo. Karani mgeni angeapa kwamba ndiye. Lakini mke hakosei mume. Aliyesimama kwenye picha, kitambulisho cha marehemu mkononi, alikuwa fundi saa.

Jana. Jana saa tatu na nusu asubuhi. Na jana hiyohiyo mchana alisimama mbele ya wanachama akanyoosha mkono kumdhamini.

Alinyanyua macho. Ng'ambo ya kioo shemeji alikuwa ameinama juu ya saa ya Katibu, anaifungua kifuniko kwa ncha ya kisu kidogo, anamweleza kitu. Katibu alikuwa anacheka. Mama Tanuri alijaribu kutafuta sababu. Labda alizichukua ili kumpa. Basi mbona hakusema? Wamekaa pamoja tangu saa saba, bega kwa bega, na hakusema. Labda kuna deni, labda kuna mwanamke, labda lile chozi la kibandani lilikuwa la kweli na huu wizi pia ni wa kweli. Alitamani mumewe awe hai kwa dakika moja tu, amuulize afanye nini.

Meneja alikuwa akiongea. Alisema kama mume amefariki kweli, basi huyu wa kwenye picha ni mwizi, na yeye hana hiari. Akinyanyua simu ya mezani, walinzi wanafunga milango, polisi wanaitwa, na kila kitu kilichoko mezani leo chenye jina lake kinasimama mpaka uchunguzi uishe. Aliigusa hundi kwa kidole alipotamka "kila kitu".

Mama Tanuri alielewa haraka kuliko meneja alivyodhani. Akisema hamjui, milango inafungwa na mtu wa picha yuko kwenye benchi. Akisema anamjua na kumtaja, ni hivyohivyo, na zaidi ya hapo mdhamini ana kesi ya pesa na mkopo umekufa. Pesa za kwake zimekwenda. Kilichobaki ni hii karatasi moja yenye nafasi ya saini, na tanuri lililoko mwendo wa dakika ishirini kutoka hapa, ambalo asubuhi ya leo alilifagia kwa uangalifu kama anayemwandaa mgonjwa.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na dakika thelathini na nane.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mama," alisema meneja. Mkono mmoja ulikuwa kwenye simu. "Huyu mtu unamfahamu?"

"Namfahamu."

"Ni nani?"

Mama Tanuri alikunja mikono mapajani.

"Ni mume wangu," alisema. "Nilikudanganya. Hajafa."

Meneja aliachia simu. Alimtazama, si kwa hasira, zaidi kama mtu aliyechoka. Akasema basi mfumo haukukosea, kumbukumbu ziko sawasawa, mume yupo na amechukua pesa zake kihalali, na benki haina lawama yoyote. Akaiondoa ile picha. Akaisogeza hundi mbele yake na kuteremsha kalamu kwenye nafasi ya saini.

Kalamu ikasimama. Alikuwa anasoma jina, lile la anayelipiwa. Alilisoma kwenye hundi, akageuka kulisoma kwenye kompyuta, akarudi kwenye hundi.

"Mume yu hai," alisema polepole. "Na mke wake, mwenye jina hili, tumemwandika marehemu. Kama kumbukumbu ziko sawasawa, mama, basi wewe uliyekaa hapa ni nani?"